Steringi Anayekimbia

“Mjomba, mbona steringi yuwakimbia?”

Aliuliza mpwa wangu wa miaka 12, juzi Jumamosi, tukiwa sebuleni hapa Nyali tukitazama Armour of God II: Operation Condor, filamu ya Jackie Chan ya mwaka 1991. Nilicheka, kisha nikaona swali lenyewe lina uzito. Mtoto huyu amezoea mashujaa wa nguo za kubana, wanaoruka angani na kuangusha majengo bila kutoka jasho. Steringi anayewaona maadui watano akatimua mbio ni kitu kigeni kwake.

Kisa ni chepesi. Chan, ambaye pia ndiye mwelekezi, ni msaka hazina anayetumwa Jangwa la Sahara kutafuta dhahabu iliyofichwa na Wanazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwanzoni anaporomoka mlima mzima akiwa ndani ya mpira mkubwa uliojazwa hewa. Mwishoni anapigana ndani ya handaki lenye feni kubwa mno, upepo ukimpeperusha yeye na maadui zake kama karatasi.

Mimi niliiona kwanza katika kibanda cha video karibu na soko la Kongowea, mabenchi ya mbao, moshi wa mishikaki ukiingia dirishani. Ilikuwa imetiwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, wa ile kazi inayojulikana kwa majina kama DJ Afro huku Kenya na Lufufu kule Tanzania. Iliposemwa ni dhahabu ya Wanazi, kijana mmoja nyuma akauliza kwa sauti, “Wanazi ndio nani, wauza nazi?” Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nusu ya waliokuwemo walikuwa wachuuzi wa sokoni, na nazi walikuwa wameziuza tangu alfajiri.

Walimu wenzangu huwalaumu watafsiri hawa kwamba wanaboronga lugha. Sikatai kuwa upatanisho wa kisarufi hawaujali sana. Lakini sikiliza tanakali zao. Mtu hapigwi tu, anapigwa pa! anaanguka pu! anatumbukia majini chubwi! Hadithi inasimuliwa kama bibi anavyosimulia ngano, na hadhira inaitikia. Nimefundisha tanakali za sauti kwa miaka, na sijapata darasa lililozielewa upesi kama kibanda kile.

Narudi kwa swali la mpwa wangu. Steringi yuwakimbia kwa sababu yuwaogopa, na hapo ndipo utamu wa Chan ulipo. Akipiga ngumi, mkono unamuuma, naye anaupuliza. Akinyang’anywa silaha, anashika kiti, ngazi, chochote kilicho karibu. Sisi tuliokulia ngano za Sungura na visa vya Abunuwasi tunamjua mtu huyu tangu zamani: mnyonge anayeponea werevu wake. Ndiyo maana alipokelewa Kongowea kama jamaa. Tena maumivu yenyewe si ya kuigiza tu. Alipokuwa akitengeneza filamu ya kwanza, ile ya 1986, Chan alianguka kutoka mtini kule Yugoslavia akapasuka fuvu la kichwa. Katika hii ya pili, majina yanapopita mwishoni, tunaonyeshwa vituko vilivyoharibika: anajikwaa, anakosea kuruka, anaumia. Mpwa wangu aliurudisha mkanda huo mara tatu.

Filamu ina dosari, na mojawapo inanikera. Wanawake watatu wanaoandamana na steringi kazi yao kubwa ni kupiga mayowe. Hilo lachosha. Zito zaidi ni wale Waarabu wawili wachekeshaji, wanaomwandama kutoka mji hadi jangwani, wajinga kupita kiasi, kanzu na vilemba vikiwa sehemu ya mzaha. Siku ile Kongowea, mtafsiri aliwapa lafudhi ya mjini Mombasa, wakawa kama watu wa mtaa wetu. Tulicheka hadi machozi. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito, aliyekaa benchi la mbele, hakucheka. Aliinuka polepole, akasema, “Haya, wacheni sisi tuchekwe,” akatoka.

Wakati ule nilidhani mzee hajui mzaha. Jumamosi, wawili hao walipotokea, nilijikuta namtazama mpwa wangu badala ya kioo. Naye, mwenye babu anayevaa kofia na kanzu kila Ijumaa, alicheka kidogo, akanyamaza, kisha akaniuliza kama Waarabu wa kweli huwa hivyo. Nikamwambia hapana. Akasema, “Basi mbona yule steringi mwenyewe hafanywi mjinga hivyo?”

Nilimpa rimoti arudishe ile sehemu ya feni.