Sifa ya Mwanangoma

Katika nyumba ya baba yangu, Mtaa wa Swahili, Kariakoo, ilikuwako saa ya ukutani iliyosimama kabla sijazaliwa, na hapana mtu aliyeona haja ya kuipeleka kwa fundi, kwa kuwa majira yetu tuliyapata kwa mikono ya mtu tusiyepata kumwona. Wazee waliokaa barazani, wakinywa kahawa na kubishana juu ya bao, au juu ya Simba na Yanga, walisikia redio ikinyamaza kidogo, kisha zikalia ngoma. Na hapo aliyekuwa na kete mkononi aliizuia, aliyekuwa na neno mdomoni alilimeza, na kule uani mchi wa mama ulituama kinuni. Habari zenyewe huenda zilikuwa za bei ya pamba au za ziara ya waziri fulani, wala mimi mtoto sikuzifahamu. Lakini zile ngoma nilizifahamu barabara.

Zilikuwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu, ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ilizifanya kitangulizi cha taarifa yake ya habari, hata watu wengi wa nchi hii wakamjua kwa mdundo kabla ya kumjua kwa jina, na wengine hawakufika kulijua jina kabisa.

Aghalabu mpiga ngoma wa pwani ni mmoja katika jamii ya wapigaji: huyu ashika vumi, yule chapuo, wa tatu ana msondo, na uzuri wa ngoma nzima watokana na jinsi kila mmoja anavyomwachia mwenziwe nafasi. Mzee Morris aliikusanya jamii hiyo yote katika kiwiliwili kimoja. Alizungukwa na ngoma zaidi ya kumi, kubwa kwa ndogo, akazipiga peke yake, na kila moja ikatoa sauti yake isiyofanana na ya jirani yake, hata asikiaye asiyeambiwa aliapa kwamba wapigaji ni wanne au watano. Mwenye macho, anapotaka kuihama ngoma moja aiendee nyingine, jicho humtangulia mkono. Kwake yeye masafa hayo yote yalikuwa yamekwisha kuandikwa begani na katika kifundo cha mkono. Wako wasemao kwamba Mola akimnyima mja macho humzidishia masikio. Usemi huo siupendi, maana humwibia fundi jasho lake: masikio tunayo sote, na ni wangapi kati yetu waliokaa na ngoma mpaka viganja vikawa sugu?

Tena ngoma si kinanda, ambacho ukikifunika leo utakikuta kesho vile vile. Ngozi iliyowambwa ni kitu chenye tabia. Unyevunyevu wa masika huilegeza ikavimba na kuwa bubu, na moto ukizidi huikaza mno hata ikalia kwa ukali usiopendeza. Kwa hiyo kazi ya mwanangoma huanza kabla ya pigo la kwanza, motoni, akiigeuza ngoma na kuigonga kwa kidole, asikilize, airudishe tena; na mwenye ngoma nyingi hana budi kuzikumbuka zote, ipi yapoa upesi na ipi yakawia, ili zikutane kwenye sauti zao kwa saa moja. Hapo ndipo ninapouona ustadi zaidi kuliko katika wepesi wa mikono, ambao ndio husifiwa na watazamaji.

Mwaka 1970, yalipofanyika maonyesho makubwa ya dunia huko Osaka, Japani, Wamarekani walionyesha jiwe lililochukuliwa mwezini. Sisi tulimpeleka Mzee Morris.

Miaka hiyo hiyo, Ulaya na Marekani, vijana wa muziki wa roki ule uitwao progresivu walianza kuziacha hesabu za nne kwa nne, wakawa wanapiga kwa tano na kwa saba, wakibadilisha mwendo mara nyingi ndani ya wimbo mmoja uliojaza upande mzima wa santuri. Na wapiga ngoma wao wakajijengea boma la ngoma na matuazi, wakaketi ndani yake. Mashuhuri kati yao, Neil Peart wa Kanada, aliyejiunga na bendi ya Rush mwaka 1974 na kufariki mwaka 2020, alipata kusafiri Kameruni kwa baiskeli akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Boma lake lilishangaza walimwengu. Mimi nililitazama pichani nikaona kitu nikijuacho.

Hapa kwetu Sunburst, bendi ya vijana wa Dar es Salaam, iliufuata mkondo wa roki, na mwaka 1976 ikarekodi santuri yake, Ave Africa. Lakini Kariakoo ilikuwa na mapenzi yake mengine. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilijulikana kwa mtindo wa Msondo, na Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, kwa Sikinde. Na majina yote mawili ni ya ngoma, Sikinde ikiwa ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii. Magita na matarumbeta yalikuja kwa meli, ila jina la nyumba likabaki la ngoma.

Katika ukumbi wa dansi nilikuwa na desturi ya kusimama pembeni, nyuma ya jukwaa, mahali ambapo mwimbaji huonekana kisogo na mpiga drams huonekana mzima. Wimbo ulipochemka, watu walipanda kumtunza mwimbaji, wakimbandika noti pajini. Yule wa nyuma hakuna aliyemfikia. Alipangusa uso kwa mkono wa shati, akaikaza skrubu moja, akaendelea. Usiku mmoja, wakati wa mapumziko, nilimkuta nje, ameketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake, ti-ti-ta, ti-ti-ta, kama wafanyavyo wote Kariakoo, naye, pasipo kuinua kichwa, vidole vyake vikaanza kujibu juu ya goti.