Orodha fupi ya Bakhtin na mikono iliyoijenga

Mikhail Bakhtin, mwananadharia wa fasihi wa Urusi, alifariki Machi 1975 akiwa na miaka 79. Vitabu vilivyotoka kwa jina lake akiwa hai ni viwili tu: kimoja juu ya Dostoevsky, cha 1929, kingine juu ya Rabelais, cha 1965. Ukiongeza dibaji mbili za kazi za Tolstoy, makala chache, na utafiti wa 1934 kuhusu bidhaa walizohitaji wakulima wa kolkhozi (mashamba ya pamoja ya Kisovieti), uliochapwa na jarida la biashara, orodha inakaribia kwisha. Lakini leo jina lake limo katika marejeleo ya wanaisimu, wanaanthropolojia na wataalamu wa elimu, mbali kabisa na idara za Kislavoni.

Mtu huyu anavifedhehesha vipimo vyetu vya usomi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h: mtafiti hupata 10 ikiwa kazi zake 10 zimerejelewa kila moja mara 10 au zaidi. Kwa hesabu hiyo, mwenye vitabu viwili hawezi kuvuka 2 kwa vitabu hivyo, hata kila kimoja kikirejelewa mara elfu hamsini. Kamati ya kupandisha vyeo ingelifunga jalada lake kabla ya chai ya saa nne.

Uchache huo haukutokana na uvivu. Kitabu cha Dostoevsky kilitoka mwandishi akiwa tayari amekamatwa, kisha akapelekwa uhamishoni Kustanai, Kazakhstan. Huko, katika miaka ya 1930, aliandika insha ndefu juu ya lugha ya riwaya, ambayo haikupata mchapishaji. Tasnifu yake juu ya Rabelais aliitetea Moscow mwaka 1946, mabishano yakawa makali, na mwishowe akanyimwa shahada ya udaktari, akapewa ile ya chini yake. Aliendelea kufundisha Saransk, mji wa mkoani, na miswada yake ikabaki ndani.

Walioibadili hali hiyo walikuwa watafiti vijana wa Taasisi ya Gorky: Vadim Kozhinov, Sergei Bocharov na Georgii Gachev. Walikuwa wamesoma kazi zake, wakagundua kwamba mwenyewe yu hai, na mwaka 1961 wakamfuata Saransk. Kozhinov hasa ndiye aliyehangaika na wahariri na wachapishaji bila kuchoka. Mwaka 1963 kitabu cha Dostoevsky kikatoka upya kikiwa kimepanuliwa, na miaka miwili baadaye kile cha Rabelais. Hakuna hifadhidata inayompa Kozhinov hata alama moja kwa kazi hiyo.

Nje ya Urusi mambo yalikwenda kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1967 Julia Kristeva alimtambulisha kwa wasomaji wa Paris kupitia makala katika jarida la Critique. Tafsiri ya Kiingereza ya Rabelais, ya Hélène Iswolsky, ilitoka 1968. Kisha 1981 Caryl Emerson na Michael Holquist walitafsiri insha nne za riwaya na kuzitoa pamoja katika The Dialogic Imagination, wakatia tanbihi na faharasa ya istilahi. Ndani yake imo ile insha ya Kustanai.

Hapo ndipo hesabu inapopotoka. Mtafiti anaandika "Bakhtin 1981", na mashine inahesabu wazo la katikati ya miaka ya 1930 kama wazo la miaka ya 1980. Jina nalo linagawanyika: Bakhtin kwa Kiingereza, Bakhtine kwa Kifaransa, Bachtin kwa Kijerumani, Bajtín kwa Kihispania. Asipokuwapo mtu wa kuyaunganisha, mwandishi mmoja anageuka wanne.

Kuna tatizo zito zaidi. Vitabu vya wenzake wawili, cha Voloshinov juu ya falsafa ya lugha, cha 1929, na cha Medvedev juu ya mbinu ya wanaformalisti, cha 1928, vilidaiwa baadaye kuwa vya Bakhtin. Katerina Clark na Holquist walilitetea dai hilo katika wasifu wa 1984. Gary Saul Morson na Emerson wakalipinga. Wakati huo tayari Medvedev wa Kiingereza, toleo la 1978, alikuwa ametoka na jina la Bakhtin kando ya lake. Medvedev aliuawa 1938, Voloshinov alikufa kwa kifua kikuu 1936, hawakuwapo kujitetea. Kila rejeo linalomwendea Bakhtin bila ushahidi linachukuliwa kutoka kwa marehemu hawa wawili, na hilo ni dhuluma, hata likifanywa kwa mapenzi ya dhati.

Bakhtin mwenyewe naye alidaiwa. Mwaka 1998 Brian Poole alionyesha kwamba sehemu za kitabu cha Rabelais zimefuata karibu neno kwa neno maandishi ya mwanafalsafa Mjerumani Ernst Cassirer, bila kumtaja. Poole aliyapata hayo kwa kuyasoma maandishi ya wote wawili bega kwa bega, Kirusi upande huu na Kijerumani upande ule, kazi ambayo hifadhidata ya marejeleo haiwezi kuifanya, kwa kuwa yenyewe huhesabu majina yaliyoandikwa tu.