Mkaguzi Asiyehitaji Funguo: Kukagua Usalama Ndani ya Kontena

DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, Burundi ikiwa mojawapo, hutolewa pia kama taswira ya Docker, yaani furushi lenye programu pamoja na maktaba inazozitegemea, ambalo likiwashwa huwa kontena, mchakato uliotengwa na mengine yanayoendelea kwenye seva. Taabu ni kwamba mwenye kuliwasha furushi hilo mara nyingi hajui kilichomo. Desemba 2021, ilipobainika kuwa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ilimwezesha mshambulizi aliye mbali kuendesha amri zake kwenye seva, watunzaji wengi wa mifumo hawakuweza kusema mara moja kama wanayo, na watengenezaji wa DHIS2 nao walilazimika kutoa matoleo yaliyorekebishwa.

Trivy, chombo huria cha kampuni ya Aqua Security, hufungua taswira tabaka kwa tabaka, huorodhesha vifurushi na matoleo yake, kisha huvilinganisha na hifadhidata ya udhaifu unaojulikana. Chombo chenyewe hupatikana kama taswira, na wengi hukiendesha kwa kukipachikia soketi ya Docker, /var/run/docker.sock, mlango ambao amri za Docker hupitia. Hapo ukaguzi wenyewe hugeuka hatari, kwa kuwa anayeifikia soketi hiyo anaweza kuwasha kontena jingine lenye mamlaka ya mtumiaji mkuu na kuisoma diski nzima. Ni kumkabidhi mpita njia funguo zote za nyumba ili aangalie kama dirisha moja limefungwa. Kuipachika soketi kwa hali ya kusoma tu, kinga inayotegemewa mno, hakuzuii amri kupita.

Ipo njia isiyohitaji soketi kabisa. Amri ya docker save huandika taswira kuwa faili moja ya tar, Trivy huisoma kwa chaguo la --input kutoka folda iliyopachikwa kwa kusoma tu, na mtandao wa kontena la Trivy hufungwa kwa --network none. Hifadhidata hupakuliwa kabla, jambo linalofaa penye intaneti ya kusuasua, kwani nchini Burundi, kwa mfano, zinaweza kupakuliwa Gitega na kupelekwa Muyinga kwa flashi. Ila ziko mbili: ya udhaifu, na ya Java, inayotambua maktaba zisizojitaja jina na toleo; anayebeba ya kwanza peke yake huacha pengo upande uleule ilikotokea Log4j.

Trivy ikisoma faili hiyo haioni kontena lililowashwa kwa mamlaka ya kupita kiasi. Kazi hiyo ni ya docker-bench-security, ambayo ikiwekwa ndani ya kontena hudai soketi ileile. Kwa kuwa ni skripti ya kawaida ya shell, inafaa iendeshwe moja kwa moja kwenye seva.