Mchezo Usiochezwa



Hebu fikiri mtu aende sokoni anunue pakacha la tende kwa bei ya nyumba, kisha aape kuwa hatakula hata kokwa moja, wala hatamruhusu mtu kulifungua pakacha akaziona. Bila shaka ungemwombea afya ya akili. Basi tarehe 11 Julai 2021, katika mnada wa kampuni ya Heritage Auctions ya Dallas, Marekani, kaseti moja ya mchezo wa vidio uitwao Super Mario 64 iliuzwa kwa dola 1,560,000. Bei hiyo haikulipwa ili mtu acheze. Ililipwa kwa kuwa kaseti ile haikupata kuchezwa kamwe: ilikuwa ingali sandukuni mwake, na sanduku lingali limezungushiwa nailoni ile ile ya kiwandani. Siku atakapotokea mtoto mtundu akaipasua nailoni hiyo kwa ukucha, fedha zote hizo, au karibu zote, zitakwenda na upepo.

Wala usidhani kuwa mchezo wenyewe ni adimu. Super Mario 64 ulitoka mwaka 1996, na zikauzwa nakala zaidi ya milioni 11 duniani. Kilicho adimu hapa ni nailoni.

Pengine utasema, mambo ya Dallas yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwani wengi wenu mnaikumbuka miaka ya tisini, zilipoingia madukani zile mashine za kuiga zenye kaseti za rangi ya manjano, na watoto wa mtaa mzima wakajaa mkekani mbele ya televisheni moja kungojea zamu. Watoto wale leo ni watu wazima, wana kazi na wana mishahara, na baadhi yao wako Ulaya na Ghuba. Mmoja wao, kijana wa jirani aishiye Uingereza, alikuja likizo akanambia: "Ami, nina akiba ya miaka mitatu. Watu wananunua kaseti za zamani leo, kesho wanauza mara kumi. Je, hii si biashara halali?"

Swali lake si la kipuuzi, na mtu hawezi kulijibu kwa kukunja uso na kusema "mambo ya watoto". Yataka kwanza tuzitazame hizo bei zilivyopanda.

Uchukue mchezo wa Super Mario Bros. peke yake, uliotengenezwa na Nintendo mwaka 1985. Nakala yake moja isiyofunguliwa iliuzwa dola 100,150 mwaka 2019, na watu wakashika vichwa. Julai 2020 nyingine ikafika dola 114,000. Aprili 2021 ikauzwa nyingine kwa dola 660,000. Kisha Agosti mwaka huo huo ikatajwa bei ya dola milioni 2. Hiyo ya mwisho ilikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Rally, iliyoinunua mwaka 2020 kwa dola 140,000 na kuigawanya kwa hisa, kila mtu akanunua kipande chake. Naam, msomaji, watu walimiliki hisa za kaseti ambayo hawakupata kuishika, na ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kuicheza!

Sababu zake ni nyingi. Ugonjwa wa korona mwaka 2020 uliwafungia watu majumbani, wakakumbuka utoto wao, na fedha za safari na starehe zikapata njia nyingine. Lakini sababu ninayotaka uitie maanani ni ya wapimaji. Siku hizi ziko kampuni zinazopokea kaseti yako, zikalikagua sanduku na nailoni yake, zikaipa namba, kisha zikaifungia ndani ya plastiki ngumu. Ile Super Mario 64 ilipewa 9.8 katika 10, na nailoni yake ikapewa alama yake mbali. Bei inafuata namba. Aliyepewa 9.8 anakuwa tajiri, na aliyepewa 8 anarudi nyumbani na mchezo wake. Mchezo ni ule ule, hata nukta haikuzidi wala kupungua.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Mwaka 2022 ilifunguliwa kesi huko California, washitaki wakidai kuwa wapimaji na wauzaji walishirikiana kuipandisha bei kwa hila, walioshitakiwa wakakanusha. Sitawahukumu watu nisiowajua, na madai si ushahidi. Ila twajua kuwa sharia yetu iliuona mlango huo zamani sana. Mnada wenyewe ni halali kwa rai ya wanazuoni wengi. Kilichoharimishwa ni najash, yaani mtu kuzidisha bei ilhali hana nia ya kununua, ili amghuri mwingine apande, na katazo la Mtume (S.A.W.) juu ya jambo hili limepokewa na Ibn Umar katika Sahihi mbili. Angalia hekima yake: katazo halikungoja mtu adhulumiwe kwanza. Bei ya kitu kisicholiwa, kisichovaliwa wala kutumiwa haina pa kusimama isipokuwa juu ya midomo ya wanaoitaja, na penye midomo peke yake, najash haiko mbali.

Ama wale watakaosema kuwa kukusanya kaseti ni ihtikari, hao wamepita mpaka. Ihtikari wanazuoni wengi wameihusisha na chakula na yale ambayo watu hawana budi nayo, na hajafa mtu kwa kukosa Mario. Tusikivishe kila tusichokipenda jina la haramu.

Hata hivyo kuna watu wanaoumia. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa uchunguzi wake: asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena madukani. Mwaka huo huo, tarehe 27 Machi, Nintendo wakafunga maduka yao ya mtandao ya mashine za 3DS na Wii U, na michezo mingi iliyokuwa humo tu ikakosa pa kununuliwa. Kwa hivyo atakaye mchezo wa utoto wake hana njia ya halali ila soko la vitu vikuukuu, na huko anakutana na mfanyabiashara aliyetangulia kwa tamaa ya bei ya Dallas. Yule fundi au mwalimu wa shule aliyekuwa akinunua kaseti iliyochubuka, acheze na wanawe Jumamosi, ndiye aliyesukumwa nje. Huyo mimi simlaumu hata kidogo. Wala siwalaumu wanaohifadhi kwa ajili ya watu, kama jumba la makumbusho la The Strong huko Rochester, New York. Kuhifadhi kazi za mikono ya watu ni jambo jema, nasi wa mwambao, tulioacha milango ya nakshi na miswada ya babu zetu ikienda ng'ambo, tungekuwa wa mwisho kulicheka.

Kijana wangu nilimsimulia kisa cha Alamogordo. Mwaka 1983 kampuni ya Atari, iliyoelemewa na kaseti zisizouzika, ukiwamo mchezo wa E.T. uliotoka mwaka uliotangulia, ilizipeleka kwa malori mpaka jaa la mji huo wa New Mexico na kuzifukia. Aprili 2014 jaa likafukuliwa. Kaseti zilizotolewa humo, chafu na zilizopondeka, mji ukaziuza kwa zaidi ya dola laki moja kwa jumla. Nikamwuliza: hizo zilikuwa takataka lini, mwaka 1983 au 2014?

Akacheka, akasema, "Ami, ndiyo nisemavyo, zina faida."

Nikamwuliza tena: ukinunua yako, utamwuzia nani? Akasema, atakayetoa zaidi. Na huyo atamwuzia nani? Akasema, mwingine wa kutoa zaidi. Na huyo mwingine? Akanyamaza, akaitazama kahawa yake. Alirudi Uingereza wiki ile, na akiba yake ingali benki. Amesema atanipigia simu.