Meza Kuu na Mkeka

Kukarabati ukumbi wa kulia wa nyumba kongwe ni kazi ya fundi, lakini pia ni kazi ya msomaji wa historia. Hapo ndipo wengi hukosea.

Tuchukue kilima cha Nsambya, Kampala. Mwaka 1895 Kabaka Mwanga aliwapa kilima hicho wamisionari wa Mill Hill, chini ya Askofu Henry Hanlon. Wageni hao walitoka katika desturi ya meza ndefu na viti. Waganda waliowapokea walikula wakiwa wamekaa mkekani, matoke yakifunuliwa kutoka katika majani ya mgomba. Basi anayetaka kupamba chumba cha kulia cha nyumba ya zama hizo asianze na pazia wala aina ya mbao. Aulize kwanza: nani alikula na nani, na nani alipakua?

Fasihi yetu ya pwani inatoa funzo. Katika kumbukumbu zake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, Sayyida Salme wa Unguja (Emily Ruete) anaeleza chakula cha kasri la baba yake, Sayyid Said. Meza ilikuwa ndefu lakini fupi mno kwa kimo, watu wakikaa chini kuizunguka. Baba alikaa mwanzoni, watoto wakifuatana kwa umri. Masuria, mama za watoto hao, hawakula naye. Fundi akiweka hapo meza ya miguu mirefu na viti vya kunakshiwa, chumba kitapendeza, lakini kitasema uongo: daraja za jamaa ile zitakuwa zimefutwa.

Leo kasri la Mtoni ni magofu, na Beit al-Sahel ya kale ilibomolewa kwa mizinga mwaka 1896. Kilichobaki cha meza ile ni maneno. Kwa hiyo nyumba ambazo bado zimesimama zastahili uangalifu zaidi. Meza kuu na ing'arishwe, ni haki yake; lakini mlango wa jikoni usizibwe, mahali pa kunawia mikono pasifichwe, na mkeka usitupwe kwa kuwa hauna fahari.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukumbi unaomwonyesha mgeni peke yake haujakarabatiwa, umepambwa tu. Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi zoezi hili: waeleze chumba cha kulia kwa kuanzia jikoni.