Land Rover ya Uingereza: Ikague Chasisi Kabla ya Kutuma Fedha

Tangu Tamasha la Land Rover lifanyike Arusha Oktoba 2024, hamu ya magari haya imepanda, na wapo wanaotaka kuagiza moja kwa moja kutoka Uingereza wakiamini kwamba huko ndiko yaliko mazima. Mimi siamini hivyo. Land Rover iliyozeekea kwao mara nyingi imeoza kuliko ile iliyozeekea Longido, na mchawi ni chumvi. Majira ya baridi barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili barafu isigande. Matairi huyarusha maji yenye chumvi hiyo hadi ndani ya chasisi, nayo hukaa humo na kula chuma taratibu.

Gari hili lilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma uliotokana na vita. Kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa aloi ya aluminiamu, lakini chasisi ikabaki ya chuma, na vivyo hivyo ukuta unaotenganisha injini na abiria. Uamuzi ule ndio unaowaponza wanunuzi hadi leo. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo gari la miaka 40 linaweza kung'aa kwenye picha huku chini limebaki ganda. Pale aluminiamu inapogusana na chuma, hasa kingo za chini za milango, tafuta unga mweupe na rangi iliyovimba. Hiyo ndiyo kutu ya aluminiamu.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Anayekwenda kuliona gari kwa niaba yako awe na tochi, nyundo ndogo, bisibisi na sumaku, avae nguo za kazi, alale chini. Aanzie nyuma, kwenye boriti ya mwisho ya chasisi inayobeba ndoano ya kuvutia tela, kwa kuwa tope la matairi ya nyuma huishia hapo. Chasisi ya Land Rover ni boksi lenye uwazi ndani, hivyo huoza kuanzia ndani kuja nje. Jicho peke yake halitoshi. Agonge kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hujibu kwa sauti iliyokufa, na bisibisi ikisukumwa hapo hupenya. Kisha apige picha za mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na za sehemu zinaposhikiliwa springi. Akikuta chasisi imepakwa lami nyeusi mbichi wiki gari linapouzwa, aulize imepakwa kuficha nini.

Sumaku ina kazi yake. Haishiki aluminiamu, lakini kwenye sakafu ya miguu ya dereva na chini ya kioo cha mbele lazima ishike, maana hapo ni chuma. Ikiteleza, umekutana na puti.

Karatasi nazo husema mengi. Uingereza ina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka uitwao MOT, na mtu yeyote, hata akiwa Sakina hapa Arusha, anaweza kufungua tovuti ya serikali yao, akaandika namba ya usajili na kusoma gari lilifeli lini na kwa nini. Neno la kutu likijirudia miaka mitatu mfululizo, achana nalo. Ila kuna mtego: tangu Mei 2018 magari mengi yaliyotimiza miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo. Kwa hiyo Land Rover ya modeli ya Series III ya 1975 inaweza kuwa haijatazamwa na mkaguzi kwa miaka kadhaa, na kumbukumbu inakatika pale hasa unapoihitaji. Halafu linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia mbele karibu na gurudumu, na ile ya kwenye kadi. Kwa modeli ya Defender, herufi H baada ya SALLD kwenye namba hiyo humaanisha toleo la 110, V humaanisha la 90. Ukiuziwa 110 yenye V, simamisha biashara.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto amekunyima nusu ya ukaguzi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma, pamoja na oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni maji yaliyopita kwenye gasketi ya silinda hedi. Mweusi unahitaji hekima. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani. Dizeli isiyo na tabo iliyokuwa safi kule bandarini itatoa moshi mweusi ikipanda Oldonyo Sambu, na usipomwita fundi wa kurekebisha pampu utalaumu nozeli zisizo na kosa.

Kabla ya Uingereza, tazama Kenya. Kiwanda cha Leyland cha Thika kiliwahi kuunganisha Land Rover, na mpaka wa Namanga hauko mbali na Arusha. Magari ya huko hayajui chumvi ya barabarani. Ugonjwa wake ni nyufa za barabara mbovu, kwenye mashikio ya shokapu na springi. Lililowahi kubeba watalii lichunguzwe zaidi, kwa sababu mengi hukatwa chasisi na kurefushwa ili viti viongezeke. Mshono uliochomelewa vizuri hudumu. Uliochomelewa vibaya hufunguka porini, abiria wakiwa ndani.

Fedha usizipigie hesabu kwa bei ya muuzaji peke yake. Ushuru wa forodha, VAT na nyongeza ya ushuru kwa gari lililozidi miaka 10 huweza kukushtua, na mamlaka ya mapato, TRA, ina kikokotoo mtandaoni kinachokupa makadirio kabla hujalipa hata shilingi. Na muuzaji akikataa gari lake linyanyuliwe kwa jeki ligongwe nyundo, usilinunue.