Neno Linaloangusha Jibu

Tangu 1985 hadi 2023, watoto wa darasa la nane nchini Kenya walifanya mtihani wa KCPE. Katika karatasi ya Kiswahili ya miaka yake ya mwisho, maswali 20 kati ya 50 yalikuwa ya ufahamu: vifungu viwili, kila swali na majibu manne, A hadi D. Mengi yalijibika kwa kurudi kwenye mstari husika. Machache yalitesa, na naamini yalitesa kwa sababu mtahiniwa alikuwa akitafuta jibu zuri, ilhali kazi hasa ilikuwa kutafuta neno linaloangusha kila jibu baya.

Tuchukue kifungu kifupi cha kubuni. Kijiji kilichimba kisima karibu na soko. Mwaka wa kwanza wanawake walikisifu kwa nyimbo. Mwaka wa pili foleni za ndoo zikarudi mtoni, ingawa maji ya kisima hayakupungua. Swali linataka kauli iliyo sahihi kulingana na kifungu. A: kisima kilikauka. B: wanakijiji walianza kutozwa pesa za maji. C: wanawake wote waliacha kukitumia kisima. D: wapo waliochota maji mtoni japo kisima kilikuwa na maji. A inaanguka mara moja kwa neno “hayakupungua”. C inakaribia ukweli, lakini “wote” halikusemwa popote. Foleni mtoni haithibitishi kwamba kisimani hakuna mtu. B ndiyo mtego wenyewe, na humnasa mwanafunzi mwerevu kuliko mzembe. Kifungu kimeacha pengo: kwa nini watu walirudi mtoni? Mwerevu hulijaza kwa anayoyajua ya mtaani, ambako maji ya bomba huuzwa kwa mtungi. Sababu hiyo yawezekana kabisa, ila si ya kifungu. Linabaki D, jibu nyonge lisiloongeza lolote, na unyonge huo ndio nguvu yake: halidai zaidi ya yaliyoandikwa.

Wako walimu wanaoshauri maswali yasomwe kabla ya kifungu. Kwa maswali ya moja kwa moja, wana haki. Kwa swali la kudokeza, nina shaka kubwa, maana anayesoma majibu kwanza huingia kifunguni akiwa tayari amebeba madai manne, matatu yakiwa ya uongo, na pengo likitokea B iko tayari kuliziba. Wengine watasema kupima kila jibu neno kwa neno kunakula muda. Kunakula, lakini ni kwa maswali matatu au manne tu, na muda wake unapatikana kwa kuyapita upesi yale mepesi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hii ni mbinu ya kuchagua herufi, haina kazi pasipo na herufi. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, inajibu. Huko ufahamu una alama 15 kati ya 80 na mtahiniwa huandika jibu lake mwenyewe. Hapewi vipotoshi, yaani majibu ya kupotosha; anavitunga mwenyewe. Akiulizwa kwa mujibu wa kifungu kwa nini foleni zilirudi mtoni, kisha akaandika “kwa sababu ya ada”, ameandika B kwa mkono wake. Anayepima jibu lake kama alivyopima ya mtungaji atalikata kabla ya msahihishaji kulifikia.